Josh Gibson: Barobaro aliyepimwa kwa pishi ya Babe Ruth

WAPENZI wa mchezo wa besiboli kule Marekani wana ada moja ambayo hawaiachi. Akizuka kijana mwenye mkono mzito, akaupiga mpira ukapaa mpaka ukavuka ukuta wa uwanja, hawatosheki kumsifu kwa hilo alilolifanya. Papo hapo huitwa mabingwa waliokwisha kufa zamani waje washindane naye. Watu huulizana kama kijana huyu atamfikia Babe Ruth, au kama atampita. Daftari za miaka mia hufunguliwa, hesabu zikajumlishwa na kugawanywa, na watu wakabishana barazani hadi usiku wa manane.

Ada hii ina uzuri wake, kwani ndiyo inayowafanya waliotangulia wasisahauliwe. Lakini mizani nayo ina masharti yake. Mwenye kupima hupaswa kwanza kutazama kama pishi ni moja, na kama hao wanaopimwa walifunguliwa wote mlango wa soko moja. Leo, mpenzi msomaji, tumtazame mtu mmoja ambaye tangu ujana wake alipimwa kwa pishi ya mwenziwe, na ambaye ilipita miaka 77 baada ya kufa kwake ndipo hesabu yake ikaandikwa katika daftari moja na ya mwenziwe huyo. Jina lake ni Josh Gibson.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, besiboli ni jamaa ya kriketi tunayoijua. Mrushaji huutupa mpira kwa kasi, mpigaji akausubiri na gongo lake la mbao, na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, amevaa kinga ya chuma usoni na glavu nene mkononi. Mpigaji akiupata mpira hutoka mbio kuvizunguka vituo vinne, nao wapinzani wakafanya kila hila wamzuie. Lakini akiupiga ukavuka ukuta ungali hewani, basi huvizunguka vituo vyote kwa raha zake, hapana wa kumgusa, kama vile mcheza kriketi anavyopata sita kwa pigo moja. Hilo ndilo pigo linalowainua watu vitini, na wanaoliweza sana ndio ambao majina yao hayafi.

MWANA WA KUSINI

Josh Gibson alizaliwa tarehe 21 Desemba 1911 katika mji mdogo wa Buena Vista, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Mark na Nancy, walikuwa Wamarekani weusi, na huko kusini zama hizo mtu mweusi alikuwa na shule yake, mlango wake na kiti chake, vyote vya nyuma na vyote duni. Baba mtu akaona hapana maisha pale. Akafunga safari kwenda kaskazini, katika mji wa Pittsburgh, mji wa tanuri na moshi, akapata kazi katika kiwanda cha chuma cha pua. Alipokwisha kutulia, katika miaka ya 1920, aliwaita jamaa zake wamfuate.

Kijana Josh akasomea kazi ya umeme, lakini hakukaa shuleni sana. Aliacha masomo angali mdogo akaingia kutafuta riziki, na miongoni mwa kazi alizozifanya ni kuendesha lifti katika duka kubwa la Gimbels. Duka hilo lilikuwa na timu yake ya besiboli, na Josh akawamo. Umbo lake lilikuwa la kutazamwa: urefu wa futi sita na zaidi, kifua kipana, mikono kama ya mpagazi wa bandarini. Akipiga, hakuwa akijinyonga mwili mzima kama wafanyavyo wengi. Alisimama wima ametulia, akapiga hatua fupi, kisha mikono na mabega yakafanya kazi yote. Waliomwona walisema mpira ulimtoka kama uliofyatuliwa.

Mahali pengine, kijana wa namna hiyo angalifuatwa nyumbani kwao na wajumbe wa timu kubwa wenye fedha mikononi. Lakini ligi kuu za Marekani hazikuwa na nafasi ya mtu mweusi. Mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker na nduguye Weldy walikuwa wamecheza katika timu ya Toledo, na baada yao mlango ukafungwa. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa na kupigwa mhuri. Yalikuwa mapatano ya chini kwa chini baina ya wenye timu, kila mmoja akimtazama mwenziwe, na wakiulizwa wote hujibu kwamba hapana aliyekatazwa. Kamishna wa mchezo, Jaji Kenesaw Mountain Landis, alishika usukani tangu 1920 hadi alipofariki 1944, na katika miaka yote hiyo hakuingia mweusi hata mmoja.

Basi weusi wakajijengea nyumba yao wenyewe. Mwaka 1920, katika mji wa Kansas City, Rube Foster aliwakusanya wenye timu wakaunda Ligi ya Taifa ya Weusi, na baadaye zikazuka ligi nyingine. Walikuwa na mabingwa wao, mashabiki wao na magazeti yao. Kilichokuwa haba ni fedha. Timu zilisafiri kwa mabasi mchana na usiku, mara wakicheza mechi mbili kwa siku moja na pengine tatu, na wakifika katika mji mgeni hoteli nyingi ziliwafungia milango na mikahawa mingi ikakataa kuwauzia chakula.

MWAKA WA FURAHA NA MSIBA

Mwaka 1930, mwezi Julai, Josh alichukuliwa na timu ya Homestead Grays ya Pittsburgh, iliyokuwa mali ya Cumberland Posey. Umri wake ulikuwa miaka 18. Inasimuliwa kwamba mdakaji wao aliumia kidole wakati wa mchezo, na kijana akaitwa kutoka kwa watazamaji aje ashike mahali pake. Iwe ndivyo au masimulizi yametiwa chumvi kidogo, mwezi huo ndio alioanza, na tangu hapo hakutoka tena.

Lakini furaha yake haikukaa hata miezi miwili. Mkewe, Helen, alikuwa mja mzito. Mwezi Agosti akajifungua pacha, mwana na binti, na yeye mwenyewe akafariki katika uzazi. Barobaro wa miaka 18 akawa mjane na baba wa watoto wawili kwa siku moja. Watoto walipewa majina ya wazazi wao, Josh na Helen, na wakwe ndio waliowalea. Yeye akarudi katika basi la timu. Waliomjua baadaye walisema kwamba kicheko chake kilikuwa kingi uwanjani, lakini jambo hilo hakupenda kulizungumza.

Septemba ya mwaka ule ule Grays walikwenda New York kushindana na Lincoln Giants katika uwanja wa Yankee. Huo ndio uwanja uliojulikana Marekani nzima kuwa nyumba ya Babe Ruth. Timu za weusi ziliukodi siku ambazo wenyewe wamesafiri. Hapo Josh akapiga pigo lililokwenda mbali mno upande wa kushoto. Wako walioapa kwamba mpira ulitoka nje kabisa ya uwanja, na wako waliosema ulianguka ndani, karibu na ukuta wa nyuma. Hapana aliyeupima. Magazeti makubwa hayakuwa na kawaida ya kupeleka waandishi wao katika mechi za weusi. Hata hivyo, tangu siku ile watu wakaanza kumwita Babe Ruth mweusi.

JINA LA KUAZIMA

Tumtazame kidogo huyo mwenye jina. Babe Ruth alizaliwa Baltimore mwaka 1895. Mwaka 1927 alivusha mipira 60 nje ya ukuta katika msimu mmoja, jambo ambalo hapana aliyewahi kulifanya kabla yake, na mwaka 1930 timu yake ilimlipa dola 80,000, kuliko mshahara wa rais wa nchi. Alipomaliza uchezaji wake alikuwa na mapigo 714 ya namna hiyo. Hapana anayebisha kwamba alikuwa bingwa.

Lakini kumwita kijana kwa jina la mtu mwingine ni sifa yenye mwiba ndani yake. Anayesifiwa hivyo huwa ameambiwa kwamba yeye ni kivuli, na mtu halisi ni yule. Mashabiki weusi walilijua hilo, na wapo walioligeuza neno wakasema kwamba Ruth ndiye Josh Gibson mweupe. Watu walicheka, lakini ndani ya mzaha huo lilikuwamo swali zito: nani aliyeamua kwamba pishi ni ya yule, na anayepimwa ni huyu?

Na ajabu ya kudura ni kwamba wawili hao walikutanishwa na mji mmoja. Tarehe 25 Mei 1935, Ruth, aliyekwisha kuchoka na kuhamia timu ya Boston Braves, alicheza Pittsburgh katika uwanja wa Forbes. Siku hiyo akapiga mapigo matatu ya kuvuka ukuta, na la tatu, ndilo la 714 na la mwisho maishani mwake, liliruka paa la upande wa kulia. Mwaka huo huo, katika mji huo huo, Josh Gibson alikuwa akiichezea Pittsburgh Crawfords katika uwanja wa Greenlee, si mbali na hapo. Huku mzee akimalizia siku zake mbele ya macho ya taifa, kule kijana wa miaka 23 alikuwa katika ubora wake, na taifa halikumtazama.

Timu hiyo ya Crawfords, mali ya Gus Greenlee, ilikuwa na watu watano ambao baadaye wote waliingizwa katika Jumba la Mabingwa: Gibson mwenyewe, mrushaji Satchel Paige, mkimbiaji Cool Papa Bell, Judy Johnson na Oscar Charleston. Mwaka 1937 baadhi yao, Gibson akiwamo, walivuka bahari kwenda Jamhuri ya Dominika, ambako dikteta Rafael Trujillo alitaka timu ya mji uliobandikwa jina lake ishinde kwa vyovyote. Ikashinda. Josh akarudi kwa Grays, akaungana na Buck Leonard, na wawili hao wakawa tishio la kila mrushaji. Mwaka 1940 na 1941 alicheza Mexico katika timu ya Veracruz, na kipupwe cha 1941 kuingia 1942 alikuwa Puerto Rico, ambako alipata pigo safi mara 480 kwa kila zamu 1000. Mpigaji hodari wa kawaida hufurahi akifika 300.

Katika nchi hizo za wasemao Kispania aliingia hoteli aliyoitaka na kula alipopenda. Akirudi kwao hurudia mlango wa nyuma.

Watu wakamzulia hekaya nyingi. Mojawapo ni kwamba siku moja alipiga mpira Pittsburgh ukapanda juu ukapotelea mbinguni. Kesho yake timu ikawa inacheza Philadelphia, mara mpira ukashuka kutoka mawinguni, mchezaji wa upande wa pili akaudaka, na mwamuzi akamgeukia Josh akamwambia kwamba ametoka, tangu jana, kule Pittsburgh. Ni kichekesho, naam. Lakini mtu ambaye mapigo yake hayakuandikwa na makarani, huandikwa na ndimi za watu.

MARADHI NA MLANGO ULIOFUNGWA

Mwezi Januari 1943 Josh alianguka akazirai, akapelekwa hospitali. Ikasemekana ana uvimbe katika ubongo, na kwamba alikataa kupasuliwa, kwa kuhofia asije akabaki kiwete wa akili. Kichwa kikawa kinamwuma mara kwa mara. Ulevi nao ukamshika, na alilazwa hospitalini si mara moja. Magoti, baada ya miaka mingi ya kuchutama nyuma ya wapigaji, yakaanza kumlaani.

Pamoja na yote hayo, msimu huo wa 1943 ndio uliokuwa bora katika uhai wake wote: mapigo safi 466 kwa kila zamu 1000. Grays walitwaa ubingwa wa ligi za weusi mwaka huo na mwaka 1944. Mechi zao nyingi walizicheza Washington, katika uwanja wa Griffith, uliokuwa wa timu ya ligi kuu iliyokuwa hoi mara kwa mara. Buck Leonard alikuja kusimulia kwamba mwenye timu hiyo, Clark Griffith, aliwaita siku moja yeye na Gibson ofisini mwake, akawauliza kama wangependa kucheza ligi kuu. Wakajibu kwamba wangependa. Wakatoka, na wasimsikie tena. Griffith aliendelea kupokea kodi ya uwanja.

Oktoba 1945 habari zikaenea kwamba Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers amemwandikisha Jackie Robinson, kijana mweusi. Mlango ulikuwa unafunguka. Rickey alitaka kijana mwenye elimu, mwenye subira, na mwenye miaka mingi mbele yake. Josh alikuwa na miaka 33, magoti mabovu na kichwa chenye maradhi. Alicheza msimu wa 1946, akaendelea kuvusha mipira ukuta, lakini hakuitwa.

Tarehe 20 Januari 1947 alifariki Pittsburgh kwa kiharusi, umri wake miaka 35. Tarehe 15 Aprili ya mwaka huo huo Jackie Robinson aliingia uwanjani Brooklyn. Baina ya kifo cha mmoja na kuingia kwa mwingine hazikutimia siku mia. Gibson alizikwa katika makaburi ya Allegheny, na kaburi lake likakaa miaka 28 bila alama, mpaka 1975 lilipowekewa jiwe.

DAFTARI LINAFUNGULIWA

Mwaka 1972 aliingizwa katika Jumba la Mabingwa huko Cooperstown, pamoja na rafikiye Leonard. Kibao chake kinasema kwamba alipiga mapigo yapatayo 800 ya kuvuka ukuta, yakihesabiwa na ya mechi za nje ya ligi. Hata hivyo hesabu zake hazikutiwa katika daftari kuu. Watafiti wakaingia kazini, wakapekua magazeti ya kale ya weusi ukurasa kwa ukurasa, mechi kwa mechi. Mwaka 2020 jina la Jaji Landis liliondolewa katika nishani ya mchezaji bora wa mwaka, na Desemba ya mwaka huo wakuu wa mchezo wakakiri kwamba ligi za weusi za tangu 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kuu kama nyingine.

Mwezi Mei 2024 hesabu zikaunganishwa. Katika mapigo safi, Josh Gibson akatokea wa kwanza wa zama zote kwa 372 katika kila zamu 1000, akampita Ty Cobb mwenye 367. Katika hesabu ya nguvu za mapigo akapata 718, na Babe Ruth 690. Na ule msimu wake wa 1943 ukawa msimu bora kupita yote iliyowahi kuandikwa.

Wako wasioridhika, na hoja yao si ya kupuuzwa. Husema kwamba msimu wa ligi za weusi ulikuwa na mechi za ligi 60 au 80 hivi, na Ruth alicheza msimu wa mechi 154, na mtu huweza kung'ara katika mechi chache kuliko nyingi. Ni kweli. Lakini insafu yataka tuulize nani aliyezifanya mechi hizo kuwa chache. Na tukianza kuuliza, tusiishie njiani. Ruth naye hakuwahi katika mechi ya ligi kusimama mbele ya Satchel Paige, kama vile Gibson hakuwahi kusimama mbele ya warushaji wa ligi kuu katika mechi iliyohesabiwa. Mlango uliofungwa uliwapunja wote wawili kipimo chao, ila mmoja alipunjwa akiwa ndani, ameshiba, na mwingine akiwa nje.

Mwanawe Josh, yule pacha aliyezaliwa siku ya msiba, naye aliucheza mchezo huu na akaivaa jezi ya Grays. Hakujaliwa mkono wa babake, na kila aliposhika gongo watu walimtafuta marehemu ndani yake. Alilelewa na babu na bibi, akaurithi mchezo na jina, na jina la mzee likawa mzigo mabegani mwake kama vile jina la Ruth lilivyokuwa kwa mzee mwenyewe.

Vijana wenye mikono mizito wangali wanazuka. Mwaka 2022 Aaron Judge wa New York Yankees alivusha mipira 62 katika msimu mmoja, na watu wakakimbilia daftari kama ilivyo ada yao, wakamtaja Ruth na 60 zake. Atakayezuka kesho atapimwa vile vile. Lakini sasa, anayepekua daftari kumtafuta mpigaji wa kwanza wa zama zote, akitelemsha kidole juu ya ukurasa, jina analokuta juu si la Cobb wala la Ruth. Ni la kijana wa lifti wa Pittsburgh, ambaye hakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele, na ambaye idadi ya mipira aliyoivusha ukuta katika siku zake zote hapana leo awezaye kuitaja kwa hakika.